Walaji Moshi wa Trail: Wayeyusha Madini Waliotwaa Ubingwa wa Dunia

Tarehe 12 Machi, 1961, nchini Uswisi, timu mbili ziliteremka uwanjani kucheza mchezo wa mwisho wa mashindano ya dunia ya hoki ya barafuni. Upande mmoja walisimama wachezaji wa Urusi ya Kisovyeti, watu wa dola kubwa, ambao wengi wao walikuwa wa timu ya jeshi na walizoea kufanya mazoezi pamoja mwaka mzima. Upande wa pili walisimama wachezaji wa Kanada. Lakini hao hawakuwa wateule wa Kanada nzima. Walikuwa timu ya mji mmoja mdogo uitwao Trail, mji wa milimani wenye watu wapatao 11,000 tu, ambao riziki yake yote yatoka katika kiwanda cha kuyeyusha madini. Jina la timu yao lilikuwa Smoke Eaters, maana yake Walaji Moshi.

Siku hiyo sare isingewatosha. Chekoslovakia ilikwisha kujipatia pointi 13, na Kanada haikuweza kuifikia ila kwa kushinda. Walaji Moshi walishinda, mabao 5 kwa 1. Kwa hesabu ya mabao wakawapita Wachekoslovakia waliolingana nao kwa pointi, na ubingwa wa dunia ukaenda katika mji ambao wengi wa wale walioutazama mchezo ule hawakuwahi kulisikia jina lake.

Ndugu msomaji, yumkini hujapata kuona barafu iliyoganda kwa upana wa kiwanja cha mpira. Hata hivyo habari ya timu hii yafaa ijulikane na kila mtu anayekula jasho lake. Ndani yake kuna swali lisilohusu barafu hata kidogo: mchezo wa mfanyakazi ni mali ya nani, na ulipatikana kwa gharama gani?

MJI WA DOHANI

Trail umejengwa kando ya mto Columbia, katika jimbo la British Columbia, mahali ambapo mto huo waelekea kusini kuingia Marekani. Ukiupima umbali kwa njia ya ndege, kutoka kiwandani hadi mpaka wa nchi hizo mbili ni kama maili saba. Mji haukuanzishwa kwa ajili ya kilimo wala biashara. Ulianzishwa kwa sababu ya mawe. Katika miaka ya 1890 dhahabu na shaba viligunduliwa juu mlimani, mahali paitwapo Rossland, na mwaka 1895 tajiri mmoja Mmarekani, F. Augustus Heinze, akaanza kujenga matanuri huko chini kando ya mto ili ayeyushe mawe ya Rossland. Mwaka 1898 kampuni ya reli ya Canadian Pacific ikayanunua matanuri hayo, na mwaka 1906 ikaundwa kampuni kubwa ya kuchimba na kuyeyusha madini, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina fupi la Cominco.

Dhahabu ya Rossland ilipopungua, kampuni ilikuwa imekwisha kupata hazina nyingine: mgodi wa Sullivan huko Kimberley, mashariki ya Trail, wenye risasi na zinki kwa wingi mno. Mawe ya Kimberley yalichambuliwa, yakapakiwa katika mabehewa, yakaletwa Trail kuyeyushwa. Kwa njia hiyo miji miwili ilifungwa pamoja kwa reli moja na bwana mmoja: Kimberley ukichimba, Trail ukiyeyusha.

Kuyeyusha risasi na zinki si kazi ya kubembeleza. Mawe hayo yana kiberiti ndani yake, na yachomwapo hutoa moshi mkali unaokaba koo na kuua majani. Kampuni ilijenga dohani zenye urefu wa zaidi ya futi 400 ili moshi upande juu, lakini bonde lile ni jembamba, na upepo wake hufuata mto. Moshi ukavuka mpaka. Wakulima wa jimbo la Washington, nchini Marekani, waliona mazao na miti yao ikinyauka, wakalalamika. Na ugomvi huo ukawa shauri la serikali mbili. Mwaka 1938 baraza la usuluhishi liliamua Kanada ilipe dola 78,000, na mwaka 1941 likatoa uamuzi wa mwisho ambao mpaka leo husomwa na wanasheria wa dunia nzima: hakuna dola iliyo na haki ya kuitumia nchi yake, au kuiacha itumiwe, hata moshi wake ukaidhuru nchi ya jirani.

Wakulima wa ng'ambo ya mpaka walipata baraza la kuwasikiliza. Wale waliokuwa ndani ya moshi wenyewe, waliosimama mbele ya tanuri na kuuvuta siku kwa siku, wao walikuwa na chama chao tu.

SAA NANE

Kabla hatujazungumza habari ya magongo, yatupasa tuzungumze habari ya saa. Mtu anayefanya kazi saa kumi au kumi na mbili mbele ya tanuri hana mchezo. Akitoka hapo ana mambo mawili tu, chakula na usingizi.

Wachimbaji wa Rossland walilijua jambo hilo mapema. Chama chao kiliundwa mwaka 1895, na walikuwa miongoni mwa waliopigania sheria ya jimbo ya mwaka 1899, iliyosema kwamba mtu asifanye kazi chini ya ardhi katika migodi ya madini zaidi ya saa nane kwa siku. Lakini sheria hiyo ilikuwa ya watu wa chini ya ardhi. Waliosimama juu ya ardhi, mbele ya matanuri, iliwabidi wangoje.

Mwaka 1917, vita vikuu vikiendelea na risasi na zinki vikihitajiwa kwa silaha, wafanyakazi wa Trail waligoma. Katibu wao alikuwa Albert Goodwin, aliyeitwa na wote Ginger kwa sababu ya nywele zake nyekundu. Mzaliwa wa Uingereza, aliyewahi kuchimba makaa ya mawe, na mpenzi wa kandanda. Dai lao lilikuwa saa nane kwa wote. Mgomo ulianza Novemba, na baada ya majuma machache ukavunjika. Katika siku zizo hizo za mgomo Goodwin, ambaye kwanza madaktari wa jeshi walimwona hafai kwa vita, aliitwa tena akaambiwa sasa anafaa. Hakukubali kwenda. Akakimbilia msituni katika kisiwa cha Vancouver, na tarehe 27 Julai, 1918, akapigwa risasi na askari aliyetumwa kumsaka, akafa. Tarehe 2 Agosti, siku ya mazishi yake, wafanyakazi wa mji wa Vancouver waliacha kazi kwa siku nzima kwa ajili yake.

Mgomo ulishindwa, mtu akauawa. Lakini dai halikufa. Mwaka 1923 Bunge la British Columbia lilipitisha sheria ya saa nane kwa viwanda, nayo ikaanza kutumika mwaka 1925. Na ni katika miaka hiyohiyo ya 1920 ndipo hoki ya mji wa Trail ilipoanza kusimama imara. Mwandishi huyu hadai kwamba sheria ndiyo iliyofunga mabao. Asema tu kwamba hakuna aliyeweza kuyafunga kabla hajapata nafasi ya kushika gongo.

MCHEZO NA VIKOMBE VYAKE

Hoki ya barafuni huchezwa na watu sita kila upande, mmoja wao mlinda mlango. Huvaa viatu vyenye makali ya chuma chini yake, na kwa magongo yaliyopindwa husukuma kisahani kigumu cha mpira, kidogo kama kiganja, kinachoteleza kwa kasi hata jicho hukipoteza. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20 kila kimoja. Ni mchezo wa mbio na wa kugongana miili. Anayeogopa maumivu haufai.

Kanada, ambako mchezo huu ulikulia, ina kombe maarufu liitwalo Stanley, lililoanza kutunukiwa washindi mwaka 1893. Hapo mwanzo kombe hilo liliwaniwa na timu za ridhaa, yaani za watu wasiolipwa kwa kucheza, na hata mji mdogo wa Kenora uliwahi kulitwaa, Januari 1907. Lakini ililetwa fedha, wachezaji wakanunuliwa, na miji midogo ikashindwa bei. Kombe la Stanley likawa la miji mikubwa na mifuko mikubwa. Kwa ajili ya timu za ridhaa likatolewa kombe jingine mwaka 1908, liitwalo Allan.

Hapa ndipo ilipo siri ya hadithi yetu. Mashindano ya dunia, kwa miaka mingi, yaliwakataza wachezaji wa kulipwa. Kwa hiyo Kanada haikuwa ikipeleka huko nyota wake wa Montreal na Toronto. Aghalabu ilipeleka timu ya ridhaa iliyotwaa Kombe la Allan, au nyingine ya namna hiyo. Na timu hiyo yaweza kuwa ya mji wowote. Mji wa wachimbaji wangeweza kulala usiku wakiwa watu wa kijijini, na kesho yake wakaamka wakiwa taifa.

MIAKA YA DHIKI

Jina la Walaji Moshi lina masimulizi yake. Yasemwa mjini Trail kwamba mwishoni mwa miaka ya 1920, katika mchezo mmoja mkali, watazamaji walichukizwa na uamuzi wa refa, wakaanza kutupa vitu uwanjani. Mmoja alitupa kiko chake, kingali kinafuka. Mchezaji wa Trail akakiokota, akakitia mdomoni, akaendelea kuteleza huku akikivuta. Gazeti likachora kichekesho cha tukio hilo, na jina likashika. Kama ilikuwa hivyo ama sivyo, jina lile lisingeshika mahali pengine popote. Watu wa Trail walikuwa walaji moshi tangu utoto wao.

Katika miaka ya 1930 ulimwengu wote wa kibepari uliingia katika dhiki kubwa. Vijana wa Kanada walitembea kwa maelfu wakitafuta kazi, wakidandia magari ya moshi kutoka mji hadi mji. Trail ulikuwa mmoja wa miji michache ambako matanuri hayakuzimika. Na kampuni, chini ya meneja wake Selwyn Blaylock, iligundua jambo moja: kijana ajuaye kucheza hoki atakuja kutoka mbali sana kwa ajili ya ahadi ya kazi ya kudumu. Basi wakaja vijana kutoka mbuga za ngano za kati ya nchi, wakapewa kazi kiwandani, na jioni wakavaa viatu vya barafu.

Yafaa tuseme kweli yote. Kampuni haikufanya hivyo kwa mapenzi ya mchezo peke yake. Baada ya mgomo wa 1917 Blaylock aliweka kamati ya ushirikiano ya wafanyakazi, ambayo ilikaa mahali pa chama cha kweli bila ya kuwa na nguvu za chama. Mikopo ya nyumba, misaada na michezo vilikwenda pamoja na kamati hiyo. Wenye kampuni waliamini kwamba mtu anayeshangilia timu moja na meneja wake hatakuwa mwepesi wa kugoma dhidi yake. Mwaka 1938, mwaka uleule timu ilipofikia kilele chake, mwenezi wa chama cha wachimbaji na wayeyushaji, Arthur Evans, alifika Trail kuwaandikisha wafanyakazi, naye akapingwa vikali na kampuni.

Je, basi tuseme kwamba timu ilikuwa hila ya bwana? Hapana. Bwana aweza kulipia barafu, lakini hawezi kuteleza juu yake kwa niaba ya mtu. Nguvu ilikuwa ya wachezaji, na furaha ilikuwa ya mji. Kila aliyewahi kucheza mpira katika timu ya kiwanda chake analijua jambo hili: jezi ni ya kampuni, lakini jasho lililomo ndani yake si la kampuni.

KIMBERLEY, KISHA TRAIL

Wa kwanza kutoka walikuwa wachimbaji. Timu ya Kimberley, iliyojiita Dynamiters, yaani Wapiga Baruti, ilitwaa Kombe la Allan mwaka 1936. Mwaka 1937 ikaiwakilisha Kanada mjini London, ikawa bingwa wa dunia. Mji wa mgodi mmoja!

Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya matanuri. Mwaka 1938 Walaji Moshi walitwaa Kombe la Allan, na kwa tiketi hiyo, Februari 1939, walikwenda kucheza mashindano ya dunia nchini Uswisi, katika miji ya Zurich na Basel. Walicheza michezo minane, wakashinda yote minane. Walifunga mabao 42. Wakafungwa moja tu, katika michezo yote. Mlinda mlango wao alikuwa Duke Scodellaro. Wengine wawili, Joe Benoit na Johnny McCreedy, baadaye walichukuliwa na timu kubwa za Montreal na Toronto, na kila mmoja akapata kulitwaa Kombe la Stanley.

Jina la Scodellaro latueleza jambo jingine. Trail haukuwa mji wa Waingereza peke yao. Waitaliani walikuja tangu siku za mwanzo kufanya kazi zile ambazo wengine hawakuzitaka, wakajenga nyumba zao katika bonde dogo chini ya kiwanda, na mwaka 1905 wakaanzisha chama chao cha kusaidiana, kiitwacho Colombo. Baba alikuja mgeni, akidharauliwa kwa lafudhi yake. Mtoto akaivaa jezi ya taifa. Orodha ya Walaji Moshi wa miaka ya baadaye imejaa majina kama hayo: Tambellini, Lenardon, Cristofoli.

Mabingwa wa 1939 hawakupata nafasi ya kuutetea ubingwa wao. Mwezi Machi wa mwaka huo jeshi la Hitler liliingia Prague. Mwezi Septemba vita vikawaka, na hayakuchezwa mashindano ya dunia tena mpaka mwaka 1947. Risasi na zinki za Trail zikarudi vitani.

CHAMA, NA UBINGWA WA PILI

Vita vilipokuwa vikiendelea, mji ulibadilika katika jambo kubwa kuliko kombe lolote. Mwaka 1944, baada ya serikali ya Kanada kutoa amri ya kuvitambua vyama vilivyochaguliwa na wafanyakazi wenyewe, tawi namba 480 la chama cha wachimbaji na wayeyushaji lilitambuliwa kisheria mjini Trail. Kamati ya bwana ikaisha kazi. Miaka 27 ilikuwa imepita tangu mgomo wa Goodwin.

Na mchezo je, ulikufa baada ya wafanyakazi kupata chama chao? Hata kidogo. Mwaka 1949 mji ulifungua jengo lake la ukumbusho, lenye uwanja mzuri wa barafu ndani yake, na Walaji Moshi wakaendelea kupambana na majirani zao wa Kimberley, Nelson na Rossland. Hapa ndipo dhana ya bwana ilipokanushwa. Chama na timu viliishi pamoja katika mji mmoja, na mara nyingi katika mtu mmoja.

Mwaka 1960 Trail ilifika fainali ya Kombe la Allan ikashindwa na timu ya Chatham, kutoka Ontario. Lakini Chatham haikwenda katika mashindano ya dunia, na nafasi ikawaangukia walioshindwa. Kocha alikuwa Bobby Kromm. Nahodha alikuwa Cal Hockley. Waliongezwa wachezaji wachache kutoka nje, akiwamo Jackie McLeod, aliyewahi kulipwa katika timu ya New York kabla ya kurudishwa katika ridhaa. Na wala si haki kuficha kwamba mabao yake yalisaidia sana. Lakini kiini cha timu kilikuwa watu wa Trail.

Nguzo yao kubwa ilikuwa mlinda mlango, Seth Martin, mzaliwa wa Rossland. Wakati ambao walinda mlango wengi walikuwa bado wakisimama uso wazi mbele ya kisahani kile kigumu, yeye alikuwa fundi wa kujitengenezea kinyago cha kukinga uso wake. Katika mashindano ya 1961 alichaguliwa kuwa mlinda mlango bora, na heshima hiyo aliipata mara nne katika maisha yake. Vladislav Tretiak, ambaye baadaye alikuwa mlinda mlango mkuu wa Urusi ya Kisovyeti, alimtaja Martin kuwa miongoni mwa watu aliojifunza kwao. Hivyo ndivyo elimu ya kazi isafirivyo: mtoto wa Moscow akajifunza kwa mfanyakazi wa Trail, bila ya ruhusa ya wakubwa wa upande wowote.

Waliifunga Sweden 6 kwa 1, Ujerumani ya Magharibi 9 kwa 1, Marekani 7 kwa 4, Ujerumani ya Mashariki 5 kwa 2, na Finland 12 kwa 1. Wakatoka sare ya 1 kwa 1 na Chekoslovakia. Kisha ikaja siku ile ya tarehe 12 Machi tuliyoianza nayo habari hii. Bao la tano lililoizima kabisa tamaa ya Warusi lilifungwa na Norm Lenardon.

Martin alipata nafasi ya kucheza hoki ya kulipwa msimu wa 1967 na 1968, katika timu ya St. Louis. Baada ya msimu mmoja akarudi Trail, kwenye kazi yake ya Cominco. Wako watakaomwona mjinga. Lakini mtu mwenye kazi iliyolindwa na mkataba wa chama, na malipo ya uzeeni mbele yake, alikuwa na kitu ambacho wachezaji wengi wa kulipwa wa siku zile hawakuwa nacho. Aliweza kuchagua.

MWISHO WA ZAMANI

Walaji Moshi walitwaa Kombe la Allan tena mwaka 1962, wakaenda Stockholm mwaka 1963. Safari hii wakawa wa nne, nyuma ya Urusi ya Kisovyeti, Sweden na Chekoslovakia. Ilikuwa dalili. Nchi nyingine zilikuwa zimejenga timu za taifa zenye kukaa pamoja mwaka mzima. Mji mmoja wa wafanyakazi, hata uwe hodari namna gani, haukuweza tena kushindana na dola zima. Mwaka 1963 Kanada nayo iliunda timu ya taifa ya vijana wa vyuo, chini ya kasisi David Bauer, na zamu ya miji midogo ikaisha. Baada ya ubingwa wa Trail wa mwaka 1961, Kanada haikuupata tena ubingwa wa dunia mpaka mwaka 1994. Ilikaa miaka 33, na ilipoupata, iliupata kwa wachezaji wa kulipwa.

Timu ya watu wazima ya Trail iliendelea katika ligi ya majirani mpaka ligi hiyo ilipovunjika mwishoni mwa miaka ya 1980. Mashine mpya ziliingia kiwandani na mikono ikahitajiwa michache. Watu wa mji, waliokuwa 11,000 mwaka 1961, hawakufika 8,000 katika hesabu ya mwaka 2021. Mgodi wa Kimberley ulifungwa mwaka 2001, na katika mwaka huohuo Cominco iliungana na kampuni ya Teck. Matanuri ya Trail yangali yakiwaka. Mwaka 1997 lilijengwa tanuri jipya la risasi lenye kutoa moshi na vumbi kidogo zaidi, baada ya uchunguzi wa miaka mingi kuonyesha risasi katika damu ya watoto wa mji. Haya nayo ni sehemu ya hesabu. Jina la Walaji Moshi lilikuwa la fahari, lakini moshi wenyewe haukuwa fahari.

Jina halikupotea. Leo hii lavaliwa na timu ya vijana wa mji, na Trail wenyewe hujiita Nyumba ya Mabingwa.

FUNDISHO

Tumwulize sasa msomaji lile swali la mwanzo: mchezo wa mfanyakazi ni mali ya nani?

Kampuni ilitoa kazi, na wakati mwingine ilitoa fedha. Ilidhani kwamba kwa kufanya hivyo imenunua amani. Lakini saa za jioni ambazo Tambellini na Lenardon na wenzao walizitumia kufanya mazoezi hazikutolewa na kampuni. Zilidaiwa na watu wa Rossland katika miaka ya 1890, zikadaiwa tena na watu wa Trail katika baridi ya Novemba 1917, na mmoja wao akalipa kwa roho yake katika msitu wa Vancouver, miaka 43 kabla ya bao la Lenardon. Hakupata kuliona kombe lolote.

Kwa hiyo tunapowasifu mabingwa wa 1939 na 1961, na sifa hiyo wanaistahili kamili, tuwasifu pamoja na wale ambao majina yao hayakuandikwa juu ya fedha ya vikombe. Wale ndio waliowapatia wachezaji jioni zao. Na kila mfanyakazi anayetoka zamu leo akaenda uwanjani na jua lingali juu, au akaketi tu mlangoni kwake na wanawe, ajue kwamba saa hiyo ina historia, na kwamba isipolindwa yaweza kuchukuliwa tena.